Utumbo Ulioziba: Nani Anahesabu Saa? (2)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi makovu yanayobaki tumboni baada ya upasuaji yanavyoweza kuuziba utumbo mwembamba hata miaka mingi baadaye. Leo tuingie wodini.

Mgonjwa wa aina hii mara nyingi hapelekwi moja kwa moja kwenye upasuaji. Hali wala hanywi. Hutundikiwa dripu, na mpira hupitishwa puani hadi tumboni kutoa maji na hewa. Wengi hufunguka bila kisu. Hatari imo katika kusubiri kusiko na mwisho: utumbo ukikosa damu huoza, na zamu zikipokezana, hakuna anayejua mgonjwa amesubiri tangu lini.

Hapo ndipo mwongozo wa matibabu wa kielektroniki unapoweza kusaidia. Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1980 wauguzi wa New England Medical Center, mjini Boston, Marekani, walipanga hatua za matibabu siku kwa siku kwenye karatasi. Karatasi hukaa kimya, kompyuta hukumbusha. Daktari akiandika kwamba utumbo umeziba, skrini humuuliza kwanza: kuna homa? Moyo unakwenda mbio? Tumbo limekakamaa? Jibu likiwa ndiyo, bingwa wa upasuaji huitwa papo hapo. Dalili hizo zisipokuwepo, na picha ya CT isipoonyesha hatari, gastrografini, dawa inayoonekana kwenye eksirei, hupitishwa kwenye mpira na eksirei hupangiwa saa yake. Dawa hiyo ikifika utumbo mpana ndani ya saa 24, kwa kawaida kisu hakihitajiki. Miongozo ya Bologna ya mwaka 2017, inayohusu utumbo ulioziba kwa makovu, huchukulia saa 72 kuwa kikomo salama cha kusubiri, na programu huzihesabu bila kuchoka.

Lakini tusinakili tu. Afrika Mashariki utumbo huzibwa sana pia na ngiri iliyobanwa au utumbo mpana uliojisokota, na maradhi hayo hayana siku tatu za kusubiri. Tena ziko hospitali zisizo na CT. Mwongozo wetu uanze na mkono wa daktari tumboni, ukague ngiri, kisha utaje saa ya rufaa. Tanzania tayari ina GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendesha shughuli za hospitali, katika hospitali za umma; madaktari wa upasuaji na wauguzi waketi na watengenezaji wa mfumo huo, waanze na ugonjwa huu.

Nawe msomaji, tumbo likijaa, ukitapika na usipate choo wala hewa, usinywe dawa ya kuharisha. Nenda hospitali siku hiyohiyo.