Maji ya uvimbe wa taya yanasema nini?

Mwaka jana mwenzetu mmoja wa kikundi alivimba taya, nyuma kule kwa jino la mwisho. Hakusikia maumivu. Aliendelea kuuza unga sokoni, kitambaa kimefunika shavu. Jirani alimshauri uvimbe utobolewe kwa wembe. Alikataa, na tunashukuru, lakini alikaa miezi saba bila kumwona muganga.

Hospitalini walimpiga radio ya taya, kisha dokta akachukua sindano yenye tundu pana, akavuta maji kutoka ndani ya mfupa. Alirudi ameudhika: "Nilikwenda watoe uvimbe, wao wanataka maji ya nini?" Swali hilo tulilipeleka kwa muganga wa meno.

Uvimbe wa namna hiyo ni kifuko chenye maji ndani ya mfupa, waganga wanakiita sisti. Kuna kinachoanzia kwenye mzizi wa jino lililooza. Kuna kinachozunguka jino ambalo halijatoka. Na kuna keratosisti, inayotokana na mabaki ya chembe zilizotengeneza meno yetu. Kwa nini kinakua? Aliyeloweka maharagi anajua. Ndani ya kifuko kuna protini na chembe zilizokufa, nazo zinavuta maji kama maharagi makavu. Kifuko kinajaa polepole, na mfupa unaliwa bila kelele. Keratosisti ina ubaya zaidi: ngozi yake nayo inaongezeka yenyewe.

Sasa maji yenyewe. Ya sisti ya jino lililooza mara nyingi ni ya manjano, yana vipande vidogo vya kolesteroli vinavyong'aa kama magamba ya ndagala. Ya keratosisti ni mazito, meupe kama maziwa yaliyoganda, kwa sababu yamejaa keratini, kitu kilekile cha kucha na nywele. Lakini macho hayatoshi. Mwaka 1970 mtaalamu Mwingereza Paul Toller alionyesha kwamba protini iliyoyeyuka katika maji ya keratosisti huwa chini ya gramu 4 kwa mililita 100, wakati sisti zile nyingine mara nyingi zina gramu 5 au zaidi, karibu na damu yenyewe. Ajabu, maji yanayoonekana mazito ndiyo yenye protini kidogo!

Tofauti hiyo inabadilisha kazi ya dokta. Keratosisti ikikwanguliwa kwa haraka inarudi, kwa hiyo mgonjwa anafuatiliwa miaka mingi. Hata hivyo labo ya maji haitoi hukumu ya mwisho. Kuna uvimbe mwingine, ameloblastoma, unaoweza kuwa na maji ndani na kudanganya. Ndiyo maana wanakata pia kipande kidogo cha nyama ya uvimbe wakipime. Msikikatae, mama.

Sindano inasema mengine pia. Ikitoa usaha, kuna maambukizi. Ikijaa damu mara moja, dokta anasimama, maana kukata hapo kunaweza kumwaga damu nyingi. Wembe wa jirani ungejuaje hayo? Isipotoa kitu, huenda uvimbe ni nyama tupu. Na mtoto ambaye taya linavimba kwa siku au wiki chache, meno yakilegea, asingojeshwe hata kidogo. Inaweza kuwa kansa ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 kwa watoto wa Uganda, na ambayo watoto wetu pia wanaipata. Inakua haraka sana, lakini dawa zikianza mapema mtoto anaweza kupona.

Maji ya mwenzetu yalikuwa na protini gramu 3, na kipande cha nyama kilithibitisha: keratosisti. Amepasuliwa, anakula bugali tena, ingawa bado anatafuna upande mmoja. Kila mwaka atapigwa radio. Ya kwanza ni mwezi wa Septemba, na likelemba yetu imekwisha kuweka franga zake kando.