Amevaa au Anavaa? "Put On" Mbele ya Wageni wa Bujora

Tuseme mgeni kutoka London amefika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Mbele yake amesimama mchezaji wa ngoma, njuga zimeshafungwa miguuni. Mwongozaji anasema, "He is putting on bells." Sisi wa Afrika Mashariki tunamwelewa mara moja, maana ndivyo tunavyosema wengi. Mgeni anashangaa: anayezifunga njuga sasa hivi yuko wapi?

"Put on" ni tendo lenyewe la kuvaa, kuanzia unaposhika nguo mpaka imekukaa mwilini. Likiisha, Kiingereza huchukua kitenzi kingine, "wear". Kiswahili hakibadilishi kitenzi, hubadilisha kiambishi tu. Anavaa: bado anahangaika na vifungo. Amevaa: kazi imekwisha na nguo iko mwilini. Ndiyo maana tunasema pia amelala, amesimama, amekaa, kwa hali inayoendelea mbele ya macho yako. Mwanafunzi wa Kiingereza amezoea kusikia kwamba -me- ni tendo lililokwisha, basi akitaka kueleza kinachoonekana sasa anakimbilia "is putting on". Kipimo ninachokiamini kuliko kanuni za vitabuni ni hiki: iseme kwanza kwa Kiswahili. Ukijisikia kusema amevaa, andika "is wearing". Ukisema anavaa, "is putting on" ni sahihi kabisa.

Kitenzi "put on" kina kazi nyingine pia. Kuwasha taa ni "put on the light", kunenepa ni "put on weight". Tena kuna kuandaa onyesho. Mwezi Juni, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinaposhindana kuvuta watazamaji, kila upande "is putting on a show", na hapo hakuna wa kukusahihisha.

Mpangilio wa maneno nao unataka uangalifu. Njuga ukizitaja kwa jina, unaweza kusema "put on the bells" au "put the bells on". Ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: "put them on". Ukisema "put on them", Mwingereza atasubiri umwambie ni kitu gani kinachowekwa juu ya hizo njuga.