Kiazi Chekundu ni Kipi?

Ukimwuliza mkulima wa Busia au Kakamega habari za "kiazi chekundu", yamkini atakuonyesha kiazi kitamu chenye ganda jekundu. Kikate: ndani aghalabu ni cheupe. Mtafiti aliyekusudia nyama ya rangi ya chungwa atakuwa ameandika jibu sahihi la swali jingine.

Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya sifa za rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine twazitaja kwa vitu: zambarau, manjano, majani, majivu, chungwa (na machungwa mengi ya pwani huiva yakiwa na ganda la kijani!). Huo si umaskini wa lugha. Hojaji isiyotenganisha ganda na nyama ndiyo maskini.

Na jambo lenyewe si la mzaha. Rangi ya chungwa ndani ya kiazi hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa vitamini hiyo huweza kupofuka, na maradhi madogo humwelemea. Kiazi cheupe hakimsaidii katika hilo.

Hata hivyo, rangi pekee haimshawishi mlaji. Baadhi ya aina zilizotoka ng'ambo zilikuwa na majimaji, ilhali watu wazima wa kwetu hupenda kiazi chenye unga, cha kuteremshia chai. Ndiyo maana SPK 004, yenye asili ya magharibi mwa Kenya, ilithaminiwa. Uganda iliiidhinisha mwaka 2004 kwa jina la Kakamega, na mwaka 2007 ikaidhinisha Kabode na Vita, zilizozalishwa kutokana nayo.

Tena aina moja haina tabia moja kila mahali. Penye baridi hukawia kukomaa. Penye joto, kama kandokando ya Ziwa Viktoria, virusi vinavyoenezwa na inzi weupe na vidukari huishambulia zaidi. Hata unga wake hupungua au kuzidi. Kituo kimoja cha majaribio hakiwezi kuzisemea Embu, Homa Bay na Kwale kwa pamoja.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenye mashamba ya shule wapande aina mbili tatu, wazichemshe, kisha wanafunzi wayanukuu maneno ya wazee wanaoonja, kwa Kiluhya, Dholuo, Kiembu au Kidigo: ya unga, ya maji, ya nyuzinyuzi, ya utamu. Alama za moja hadi tano zifuate baadaye. Na swali la kwanza liwe hili: ukikikata, ndani kinafanana na nini?