Mnyonge Naye Apewe Haki Yake

Kang'ata iko Handeni, wilaya ya wakulima na wafugaji, ambayo ardhi yake ina dhahabu pia. Penye malisho, mashamba na dhahabu, swali moja huzuka upesi: nani atamzuia mwenye nguvu?

Swali hilo ndilo lililokuwa kiini cha michezo ya makauboi katika televisheni ya Marekani. Mchezo wa "Gunsmoke" ulionyeshwa tangu 1955 hata 1975, na miaka yote hiyo James Arness aliigiza msimamizi wa sheria wa mji wa Dodge. Kwetu Bara televisheni ilianza 1994, lakini vijana wa mijini walikwisha kuwajua makauboi zamani katika senema, wakaiga kofia zao na mwendo wao. Wengi waliiona bastola. Wachache waliliona somo.

Somo lenyewe ni hili: shujaa hasa ni yule asimamaye mlangoni pa gereza, akawazuia majirani zake wenye hasira wasimnyonge mtuhumiwa ambaye hajahukumiwa. Je, ndugu, zipigwapo kelele za "mwizi!", wangapi kati yetu husimama hivyo?

Lakini tusimeze kila kitu. Mingi ya michezo hiyo iliwafanya wenyeji wa asili kuwa maadui katika nchi yao wenyewe. Sisi tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na baraza la ardhi la kijiji la kusuluhisha magomvi. Mkulima na mfugaji na wakutane hapo, wasikutane porini na silaha. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.