Bonga, damu itangulie ajali

Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe Aprili 2018, mabasi na malori yanapita kwetu Bonga, mkoani Manyara, usiku na mchana. Biashara imechangamka, bodaboda zimeongezeka, na ajali nayo imesogea karibu na milango ya watu. Majeruhi akikimbizwa mjini Babati, kitakachomwokoa ni damu iliyokwisha kutolewa na mtu asiyemjua. Damu ya ndugu aliyefika mbio nyuma yake lazima kwanza ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Vipimo hivyo atavisubirije?

Manyara hatuhitaji kusimuliwa. Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80, na majeruhi wakajaa hospitalini kwa mkupuo.

Lakini damu haiwekwi miaka. Chembe nyekundu hukaa kwenye friji siku 35 hivi, chembe sahani siku 5 tu. Wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba inashuka. Wazazi wao wako wapi? Mkulima wa mbaazi, mwendesha bodaboda na mama lishe nao wana damu.

Mchangiaji naye hatoki mikono mitupu. Kabla ya kutoa hupimwa uzito, presha na wingi wa damu, bure, na wapo wanaogundua hapo kwamba presha yao iko juu. Wanaosema kuchangia kunakinga ugonjwa wa moyo wanatangulia ushahidi, sitakuahidi hilo. Hofu ya kuishiwa nguvu ndiyo kubwa, ila kinachotolewa ni mililita 450 katika lita 5 hivi za mtu mzima. Maji yake hurudi ndani ya siku mbili, chembe nyekundu ndani ya wiki kadhaa. Unapewa soda na biskuti, unapumzika kidogo, unaondoka. Nyumbani kula mbaazi, mboga za majani na nyama ukiipata.

Kama una miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema, usingoje Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Ukienda mjini wiki hii, pitia hospitali ya mkoa uulizie pa kuchangia.