Konokono Anayekula Konokono

Je, wajua kuwa yupo konokono asiyegusa mchicha wako hata siku moja, kwa sababu chakula chake ni konokono wenzake? Wanasayansi humwita Gulella. Aina zake ni mamia, zimetapakaa Afrika kusini mwa Sahara, na nyingi ziko huku kwetu Kenya na Tanzania.

Kumwona kunataka magoti. Mvua ikishakatika, inama chini ya jabali la chokaa au mwamba wa matumbawe ya kale, uchote majani yaliyooza nyufani na kuyachekecha juu ya kitambaa cheusi. Kombe lake ni jeupe, umbo la pipa jembamba, mara nyingi halizidi punje ya mchele. Akiwa hai, mwili wa manjano au wa rangi ya chungwa huonekana kwa ndani, kama utambi unaowaka ndani ya chimni. Mgeuze sasa utazame mlango wa kombe: una meno! Hayo si ya kutafunia. Ni vinundu vya kombe lenyewe, vinavyoubana mlango hadi ukabaki upenyo tu, na kila aina ina mpangilio wake. Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia Kew, Uingereza, alizipa majina aina nyingi za konokono hawa.

Meno ya kulia yamo kinywani. Ulimi wa konokono wa bustanini ni kama tupa ya kukwangulia majani. Wa Gulella umejaa miiba iliyochongoka. Akikutana na njia ya ute ya konokono mwingine huifuata. Anayewindwa hujikunja ndani ya kombe, na huko ndiko mauti humkuta, kwani mwindaji huingiza kichwa mlangoni akamla humo humo, mpaka kombe likabaki tupu.

Ndugu yake mkubwa kidogo, Gonaxis kibweziensis, mwenye jina la Kibwezi ya Kenya, alipelekwa Hawaii miaka ya 1950 ili awamalize konokono wakubwa wa Afrika Mashariki waliokuwa wakifyeka mashamba huko. Hakuwamaliza, wapo hadi leo.

Na kwa nini chokaa? Kombe limejengwa kwa kalisi kaboneti, na mwamba wa chokaa ndiyo ghala yake. Penye chokaa, mawindo hujaa, na nyufa hutunza unyevu wakati wa kiangazi. Ila kilima cha chokaa, kama vile penye msitu wa Kimboza chini ya milima ya Uluguru, Tanzania, mara nyingi ni kisiwa katikati ya udongo wa namna nyingine, na kiumbe wa milimita 5 hasafiri mbali. Ndiyo maana kila ninapoona kilima kama hicho kikivunjwa kwa ajili ya saruji na kokoto, roho huniuma: huenda wakazi wake hawana kilima kingine.

Makombe hayaozi upesi kwenye chokaa. Ukipita penye machimbo, okota kombe moja jeupe kati ya vumbi, ulitazame mlangoni kama lina meno.