Floridi katika Maji ya Arusha: Kisa cha Kufundishia Sayansi, Teknolojia na Jamii katika Elimu ya Jumla

Swali la sayansi ipi ifundishwe kwa mwanafunzi asiyekusudia kuwa mwanasayansi lilijadiliwa kwa kina katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambacho mwaka 1945 kilitoa ripoti kuhusu elimu ya jumla. Rais wa chuo hicho, James Bryant Conant, alikuwa mkemia aliyeshiriki kusimamia utafiti uliozaa bomu la atomu. Katika kitabu chake cha mwaka 1947 alipendekeza kwamba badala ya muhtasari wa fizikia na kemia, mwanafunzi wa sheria au historia afuate visa vichache vya utafiti, kama vile majaribio ya Robert Boyle kuhusu hewa. Alitaka raia atakayeidhinisha bajeti ya utafiti aelewe jinsi ushahidi unavyopatikana.

Visa vya Conant vilikuwa vya kale kwa makusudi, kwa kuwa havihitaji hisabati nyingi. Hata hivyo, vinasema machache kuhusu jamii: pampu ya Boyle haimlazimishi mwanafunzi kuuliza nani atalipa na nani ataumia. Kozi za sayansi, teknolojia na jamii zilizoenea baadaye zilikusudia kuziba pengo hilo, ingawa baadhi yake ziliangukia kosa la pili, yaani mijadala ya maoni isiyo na kipimo chochote.

Afrika Mashariki ina kisa kinachoepuka makosa yote mawili. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, hususan katika maeneo ya volkano kuzunguka Mlima Meru, yana floridi nyingi. Haionekani kwa macho. Athari yake hujitokeza baada ya miaka, kwanza katika meno ya watoto yanayogeuka kahawia, kisha, pale kiasi kinapokuwa kikubwa, katika mifupa inayopinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu 8 kwa maji ya vijijini, kama kiwango cha muda, kisha ikashuka hadi 4, na hatimaye 1.5.

Kiwango cha 8 hakikutokana na ugunduzi kwamba mifupa ya Watanzania ni imara zaidi. Kilitokana na hofu kwamba kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi visivyo na mbadala. Tena, hesabu rahisi inatatiza hata ile 1.5: anayefanya kazi juani na kunywa lita 4 kwa siku hupata miligramu 6, ilhali anayekunywa lita 2 hupata 3. Bado hayajahesabiwa magadi ya kulainishia maharage, ambayo nayo huweza kuwa na floridi. Mwanafunzi wa uhasibu anaimudu hesabu hii bila msaada, na hapo ndipo anapogundua kwamba tarakimu moja ya sheria imebeba kemia, tabianchi, mapishi na umaskini.

Teknolojia nayo ina sura hiyo hiyo. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, umeshughulikiwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi maji yanapopita. Ni njia nafuu. Lakini mkaa hushiba na lazima ubadilishwe, na kwa kuwa maji hayabadiliki rangi, kaya haiwezi kujua siku hiyo imefika bila kipimo. Aidha, waumini wengine watauliza mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwaje. Kulichukulia swali hilo kuwa ujinga ni kushindwa kuelewa kazi ya mhandisi.

Kwa vyuo, kisa hiki kinadai walimu wawili darasani, mmoja wa kemia na mwingine wa sera, na mtihani wa namna nyingine. Badala ya kuulizwa fasili ya floridi, mtahiniwa apewe vipimo vya visima vitatu, bajeti ya halmashauri na idadi ya watu, kisha aamue kisima kipi kifungwe kwanza, na aeleze wanaokitegemea watakunywa nini kesho yake.